Jinsi ya Kuisoma Picha ya Mtawala Iliyochongwa kwenye Shaba, Hatua kwa Hatua

Kila inapotumwa picha ya mzee mwenye ndevu, deraya (vazi la chuma la vitani) na mkufu mzito shingoni, maswali ni yaleyale. Huyu ni nani? Ni ya mwaka gani? Ni ya kweli au ni kopi? Wanaojibu hukimbilia uso: mmoja anasema ni Kaisari Karoli wa Tano, mwingine anaapa ni mfalme fulani wa Uingereza, na mjadala unaishia hapo bila jibu.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa. Huenda wewe ni mwanafunzi wa historia, mwalimu anayetafuta picha ya kuweka kwenye somo, msanifu wa majalada, au umekuta karatasi kuukuu ndani ya kitabu cha mtumba na sasa umeingiwa na hamu. Nazungumzia chapa, yaani picha zilizochapwa, za watawala na majemadari wa Ulaya ya Renesansi, tuseme kati ya 1490 na 1610. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uso utazamwe mwisho. Anza na mistari, nenda kwenye maandishi, kisha nguo na nishani. Ukifika usoni, mara nyingi jina utakuwa umeshalipata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha kubwa yenye kingo zake zote nne. Kama unayo karatasi yenyewe, bora zaidi.
- Simu au kompyuta inayoweza kukuza picha bila kuivuruga.
- Daftari na penseli. Ukikaa karibu na karatasi ya zamani, kalamu ya wino iache mbali.
- Kwa mwenye karatasi mkononi: lenzi ya kukuzia mara kumi, rula yenye milimita, na tochi ya simu.
- Maneno machache ya Kilatini. Huhitaji kuijua lugha. Maneno ya lazima nimeyaweka katika hatua ya 3.

Nadharia kidogo tu

Picha hizi zilichapwa, na njia zilikuwa tatu. Katika chapa ya ubao, fundi aliondoa sehemu zisizotakiwa akabakiza mistari imeinuka, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Katika chapa ya shaba mambo ni kinyume: mstari wenyewe ndio unaochimbwa kwenye bamba la shaba kwa burini, yaani chuma chembamba chenye ncha iliyonolewa. Wino hujazwa ndani ya mifereji, bamba likafutwa juu, kisha karatasi yenye unyevu ikapitishwa pamoja na bamba kati ya magogo mawili ya mtambo mpaka iuvute wino kutoka chini. Katika chapa ya asidi bamba hupakwa nta, mchoro ukakwaruzwa kwa sindano, na asidi ikala chuma pale palipokwaruzwa.

Katika njia zote tatu picha hutoka imegeuka, kulia kukawa kushoto. Likumbuke hilo, tutalihitaji hatua ya 5.

Hatua ya 1: Pata picha nzima

Usifanye kazi na picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Imebanwa mara kadhaa, na mara nyingi kilichokatwa ni ukingo wa chini, ambako ndiko jina liliko. Tafuta nakala ya makumbusho. Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan Museum ya New York hutoa bila malipo picha kubwa za kazi za zamani zisizo na hakimiliki. British Museum ya London nayo ina chapa nyingi mno mtandaoni, ila soma masharti yake ya matumizi kabla ya kuchapisha popote.

Tahadhari: usiipitishe picha kwenye programu ya akili unde ya "kung'arisha". Programu hizo hubuni mistari ambayo mchongaji hakuichonga, na herufi za Kilatini huzigeuza michoro isiyosomeka. Ongeza mwanga kidogo, basi.

Hatua ya 2: Tambua imechapwa kwa njia gani

Kuza sehemu tatu: ndevu, kivuli cha shavuni, na mkunjo wa nguo.

Mstari wa burini huanza mwembamba, hunenepa katikati, kisha huchongoka mwishoni. Vivuli vimejengwa kwa mistari iliyopangwa sambamba na kukatana kwa nidhamu, ikifuata mviringo wa shavu au wa bega la deraya. Mstari wa asidi una unene uleule mwanzo hadi mwisho, ncha zake ni butu, na mwendo wake ni huru kama mkono unaoandika. Chapa ya ubao ina mistari minene zaidi, na mistari inayokatana ni michache, kwa sababu kuikata kwenye ubao ilikuwa kazi ya kuchosha: kila kijinafasi cheupe kati ya mistari kilibidi kichimbwe.

Mifano mitatu ya kujifunzia jicho, yote utaipata mtandaoni. Picha ya Kaisari Maximilian I ya Albrecht Dürer, iliyotokana na mchoro aliomchora huko Augsburg mwaka 1518, ni chapa ya ubao. Picha ya Friedrich III wa Saxony ya Dürer huyohuyo, ya mwaka 1524, ni chapa ya shaba. Picha ya Karoli V ya Hieronymus Hopfer, ya mwaka 1520, ni ya asidi. Ziweke tatu hizo pamoja kwenye skrini, uzikuze, na ukae nazo kwa muda. Ukizielewa hizo, nusu ya kazi ya hatua hii imekwisha.

Ukoo wa Hopfer unastahili neno moja la ziada. Baba, Daniel Hopfer, alikuwa fundi wa Augsburg aliyepamba deraya kwa asidi, na mbinu hiyohiyo ndiyo iliyohamia kwenye mabamba ya kuchapia picha. Kwa hiyo unapoona jemadari aliyevaa kifua cha chuma chenye nakshi, ujue teknolojia ya nakshi ile na ya karatasi unayoitazama zilikuwa jirani sana.

Zipo chapa zilizochanganya njia. Lucas van Leyden, kwenye picha yake ya Maximilian ya mwaka 1520, alichonga uso kwa burini na sehemu kubwa iliyobaki akaifanya kwa asidi. Ukiona uso una mistari ya nidhamu na nguo zina mistari huru, usidhani ni kazi ya watu wawili.

Tahadhari: utasikia kwamba chapa ya shaba lazima iwe na alama ya bamba, ule mstari wa mbonyeo unaoizunguka picha. Ni kweli bamba huacha mbonyeo, lakini wakusanyaji wa zamani walipenda kukata karatasi hadi ukingoni mwa picha, na mbonyeo ukaenda na kipande kilichotupwa. Kukosekana kwake hakuthibitishi lolote.

Hatua ya 3: Nakili maandishi, herufi kwa herufi

Hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Picha hizi ni kama kanga: pambo linavutia macho, lakini ujumbe uko kwenye maandishi, na asiyeyasoma hajui alichopewa.

Andika kwenye daftari kila herufi unayoiona, pamoja na nukta, bila kutafsiri kwanza. Kanuni za kusomea ni hizi:

1. V husimama badala ya U, na I badala ya J. CAROLVS ni Carolus, yaani Karoli.
2. Maneno hukatwa ovyo. FRID. ni Fridericus, SAXON. ni Saxony, IMP. ni Imperator au Imperii kulingana na mahali ilipo.
3. Kistari kidogo juu ya herufi maana yake kuna herufi zimerukwa, mara nyingi M au N.
4. Nukta katikati ya namba za Kirumi hazitenganishi namba. M.D.X.I.X ni 1519 moja tu.
5. Nne huandikwa IIII mara nyingi kuliko IV. M.D.XXIIII ni 1524.

Maneno utakayokutana nayo kila mara: *Rex* ni mfalme. *Imperator* au *Caesar* ni kaisari. *Dux* ni duki. *Comes* ni mwenye cheo kilicho chini ya duki. *Marchio* ni mtawala wa jimbo la mpakani. *Elector*, Mteuzi, ni mmoja wa wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua kaisari. *D.G.* ni "kwa neema ya Mungu". *S.R.I.* ni Dola Takatifu la Roma, lile dola la Ulaya ya kati lililoongozwa na kaisari. *Anno* ni "mwaka", na *aetatis suae*, ambayo hufupishwa AET. SVAE, ni "wa umri wake".

Tufanye zoezi. Kwenye chapa ya Barthel Beham inayomwonyesha Karoli V, mwishoni utasoma AET SVAE XXXI, ANN M.D.XXXI. Umri 31, mwaka 1531. Toa 31 kwenye 1531 unapata 1500, na Karoli V alizaliwa Ghent mwezi Februari mwaka huo. Hata kama jina lingekuwa limefutika, hesabu hiyo peke yake ingekuelekeza kwake. Acha nafasi ya mwaka mmoja mbele au nyuma, kwa sababu wapo waliohesabu mwaka uliotimia na wapo waliohesabu mwaka unaoendelea.

Zoezi la pili ni gumu kidogo. Chini ya Friedrich wa Saxony, Dürer aliweka kibao cha maandishi mfano wa vile vya makaburi ya Warumi. Juu kabisa pameandikwa CHRISTO SACRVM, "imewekwa wakfu kwa Kristo". Kisha mistari miwili ya shairi inayosema mtu huyu aliliunga mkono neno la Mungu kwa uchaji mkubwa na anastahili kuheshimiwa na vizazi vyote. Hapo kuna siasa: huyu ndiye mtawala aliyemkinga Martin Luther, na mwaka 1524 maneno "neno la Mungu" katika Nürnberg, mji wa Dürer, yalikuwa na upande. Yanafuata cheo na jina, halafu jina la Dürer, na herufi tano ambazo humkwamisha kila anayeanza: B.M.F.V.V. Ni kifupi cha *Bene Merenti Fecit Vivus Vivo*, yaani "aliye hai amemfanyia aliye hai anayestahili". Warumi walizoea kuwaandikia hivyo wafu. Dürer aliugeuza usemi huo kwa mtu anayepumua. Friedrich alifariki Mei 1525.

Tahadhari: usitumie programu ya kusoma maandishi kwenye picha ukaiamini. Inasoma V kama V, haijui vifupisho, na ikikwama hujaza neno la kubuni. Jicho lako na penseli vinatosha.

Hatua ya 4: Tenganisha mchongaji, mchoraji na mchapishaji

Wanaoanza huona jina lolote kwenye kona ya chini wakaandika "amechora fulani". Subiri. Tazama kitenzi kilicho baada ya jina. *Sculpsit*, au sc., ni aliyechonga bamba. *Invenit*, inv., ni aliyebuni picha. *Pinxit* ni aliyepaka rangi mchoro wa awali. *Delineavit* ni aliyeuchora kwa penseli au kalamu. *Excudit*, exc., ni mchapishaji, mwenye duka na bamba. *Fecit* ni "amefanya", na hilo ni neno pana, linahitaji ushahidi wa pembeni. *Cum privilegio* ni kibali cha mamlaka cha kuzuia wengine wasiinakili.

Enea Vico wa Parma aliturahisishia. Kwenye picha yake kubwa ya Karoli V ya mwaka 1550, iliyozungukwa na fremu ya nguzo na sanamu za mafumbo, ameandika kwamba imebuniwa na kuchongwa na yeye mwenyewe. Wengi hawakuwa wakarimu hivyo. Walitia herufi mbili tu. AD ni Dürer, L ni Lucas van Leyden, A.V. ni Agostino Veneziano, HG ni Hendrick Goltzius.

Tahadhari kubwa: herufi AD si hati ya umiliki. Marcantonio Raimondi alinakili kazi za Dürer kwenye shaba, alama ikiwemo, na Johannes Wierix wa Antwerp alijifunzia kazi akiwa kijana mdogo kwa kunakili mabamba ya Dürer kwa ustadi wa kutisha. Alama inakuambia pa kuanzia kutafuta, basi.

Jambo jingine ni kwamba bamba liliuzwa na kurithiwa. Mchapishaji mpya alifuta jina la *excudit* akaweka lake, na picha ikachapwa tena miaka ishirini au hamsini baadaye. Kwa hiyo mwaka wa kuchongwa na mwaka wa kuchapwa ni vitu viwili.

Nikiwa hapa, nikupe jambo la sisi wa pwani. Hans Burgkmair wa Augsburg, mwaka 1508, alitoa chapa ya ubao ya Maximilian I akiwa juu ya farasi, deraya mwili mzima, manyoya ya tausi kwenye kofia ya chuma. Mwaka huohuo alitoa safu ya picha za watu wa Afrika na India, kutokana na safari ya Balthasar Springer, wakala wa matajiri wa Welser, aliyesafiri na msafara wa Francisco de Almeida ulioishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Ukimtafuta Burgkmair kwa ajili ya kaisari, watazame na hao.

Hatua ya 5: Soma nishani, silaha na upande

Mkufu wa shingoni ndio wa kwanza. Kondoo mdogo anayening'inia kama ngozi tupu ni Nishani ya Ngozi ya Dhahabu, iliyoanzishwa Bruges mwaka 1430 na Philip Mwema, duki wa Burgundy. Mara nyingi mvaaji yuko upande wa ukoo wa Habsburg, ule wa Maximilian na Karoli V, au ni mshirika wao. Mkufu wenye makombe ya baharini ni wa Mtakatifu Mikaeli, ulioanzishwa na Louis XI wa Ufaransa mwaka 1469. Ukiona kondoo, punguza uwezekano wa kuwa ni jemadari wa Ufaransa. Ukiona makombe, ufanye kinyume chake. Nguzo mbili zenye maneno PLVS VLTRA ni kaulimbiu ya Karoli V. Fimbo fupi nene mkononi ni ya uamiri jeshi.

Ngao ya ukoo, ikiwepo, ichore kwenye daftari kwa mgawanyo wake, robo kwa robo. Rangi huzioni, lakini simba, tai na mistari vinatosha kutafutia.

Sasa ule mgeuko niliousema. Upanga ulivaliwa kushoto ili uchomolewe kwa mkono wa kulia. Kwenye deraya, kulabu ya kuegemezea mkuki hufungwa upande wa kulia wa kifua. Ukikuta upanga uko kulia na kulabu iko kushoto, usiandike kwamba jemadari alikuwa wa mashoto. Uwezekano mkubwa ni kwamba mchongaji alinakili mchoro moja kwa moja bila kuugeuza kwanza, au kwamba una nakala ya chapa nyingine. Igeuze picha kwenye simu yako, kisha uitafute tena kwa njia zote mbili.

Kwa majemadari, kuna kazi moja utakayokutana nayo mara nyingi bila kuijua: mtu mzima amesimama ndani ya kishubaka chenye nguzo, deraya imechongwa kwa undani wa kila msumari. Nyingi za aina hiyo zimetoka kwenye kitabu cha deraya za mashujaa cha Jakob Schrenck von Notzing, kilichochapwa Innsbruck mwaka 1601 kwa Kilatini na 1603 kwa Kijerumani, michoro ikiwa ya Giovanni Battista Fontana na mabamba yakiwa ya Dominicus Custos. Kina mabamba 125, na ni orodha ya mkusanyo wa Ferdinand II wa Tyrol katika ngome ya Ambras. Yeye alikuwa akiandikia koo za wakuu akiomba deraya waliyopigania vitani pamoja na picha ya mvaaji. Katika kitabu hicho deraya ndiyo ya kuaminiwa zaidi, kwa sababu fundi alikuwa na kitu chenyewe mbele yake, wakati wavaaji wengi walikuwa wameshakufa.

Hatua ya 6: Sasa tazama uso

Utazame ukijiuliza swali moja: mchongaji alimwona mtu huyu?

Mfano mzuri ni Sultani Suleiman wa dola la Waturuki wa Uthmaniya. Agostino Veneziano alitoa chapa yake mwaka 1535: uso wa pembeni, kichwani kofia ya chuma yenye mataji manne yaliyopandana. Inasambaa sana mtandaoni kama "vazi la Sultani". Kofia hiyo ilikuwepo kweli, lakini ilitengenezwa na masonara wa Venice na kupelekwa mwaka 1532, nayo iliwalenga mabalozi wa Ulaya waliozoea kupima ukubwa wa mtu kwa taji. Masultani wa Uthmaniya walivaa kilemba. Unachokiona pale ni bidhaa ya Venice iliyowekwa juu ya uso uliochongwa Italia.

Weka kando yake chapa ya Melchior Lorck ya mwaka 1562. Lorck alikaa Istanbul kati ya 1555 na 1559 pamoja na ubalozi wa Habsburg. Suleiman wake ni mzee, shingo ndefu, mashavu yameingia, kilemba kirefu kimemzidi. Hakuna anayemsifu mtu kwa uso kama ule, na hiyo ndiyo sababu mimi namwamini Lorck.

Usidanganywe na maandishi yanayojisifu kwa ufanano. Kwenye picha ya Kardinali Albrecht wa Brandenburg ya mwaka 1519, Dürer aliandika SIC OCVLOS SIC ILLE GENAS SIC ORA FEREBAT, "macho yake hivi, mashavu yake hivi, uso wake hivi". Inasikika kama kiapo cha shahidi. Kumbe ni mstari wa mshairi Virgil uliobadilishwa neno moja, mikono ikawa mashavu. Dürer alikuwa amemwona kardinali, hilo sawa, lakini wengine waliazima usemi wa namna hiyo hata kwa watu wasiowahi kuwaona.

Na kwenye vitabu vya historia vya mwanzo, uso haukuwa na mwenyewe kabisa. Kitabu kikubwa cha matukio ya dunia kilichochapwa Nürnberg mwaka 1493 kina picha 1,809 zilizotokana na mbao 645 tu. Ubao uleule ulitumika kwa wafalme tofauti, jina tu likabadilishwa juu yake. Ukipewa picha ya mfalme wa kale kutoka humo, uliza jina, uso usiujali.

Hatua ya 7: Linganisha na nakala nyingine

Tafuta kwa jina la mchongaji, jina la mtawala na mwaka. Ukiona kwenye maelezo ya makumbusho "B. 104" au "Bartsch 104", usipite. Adam Bartsch wa Vienna aliorodhesha chapa za wachongaji wa Ulaya katika majuzuu 21 kati ya 1803 na 1821, na namba zake bado zinatumika. Kwa Dürer, 102 na 103 ni picha mbili za Kardinali Albrecht, ndogo na kubwa. 104 ni Friedrich. Namba hiyo ndiyo itakayokuhakikishia kwamba makumbusho mawili yanazungumzia bamba moja.

Kisha uliza picha ya awali ilitoka wapi. Mara nyingi njia itakupeleka Como, Italia, kwa Paolo Giovio, askofu aliyekusanya picha za watu mashuhuri nyumbani kwake kando ya ziwa. Wasifu wake wa mashujaa wa vita ulichapwa Basel na Pietro Perna mwaka 1575 ukiwa na chapa za ubao za Tobias Stimmer zilizofuata picha hizo. Cosimo I de' Medici, mtawala wa Florence, naye alimtuma Cristofano dell'Altissimo azinakili kwa rangi kuanzia 1552. Nakala hizo ziko kwenye makumbusho ya Uffizi, Florence, na miongoni mwazo yumo Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia. Ukikuta sura ileile kwenye vitabu vitatu vya nchi tatu, usihesabu mashahidi watatu. Huenda wote wamenakili picha moja ya Como.

Hatua ya 8: Kagua karatasi, kama unayo mkononi

Nawa mikono, ikauke. Weka karatasi juu ya meza safi, zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza pembeni. Mbonyeo wa bamba, kama upo, utajitokeza. Kisha inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ya enzi hiyo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani kwenye fremu ya nyaya, kwa hiyo utaona mistari myembamba iliyobanana na mingine michache inayoikata, na pengine alama ya maji ya kiwanda. Karatasi laini isiyo na mistari yoyote ilianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1750. Picha ya 1524 kwenye karatasi hiyo imechapwa baadaye sana.

Tumia lenzi. Ukiona vinukta vilivyopangwa kama wavu, huo ni ukurasa wa kitabu au bango la kisasa, na uchunguzi umekwisha. Geuza nyuma pia. Amand-Durand wa Paris, katika karne ya 19, alitoa nakala nzuri mno za Dürer kwa njia ya picha, na aligonga muhuri mwekundu nyuma. Muhuri huo ukifutwa, hata mwenye uzoefu hutoa jasho.

Tahadhari: usiipeleke stesheneri kulaminetiwa. Usibandike gundi ya selotepu. Usiifute kwa kitambaa chenye maji.

Hatua ya 9: Andika kumbukumbu

Mistari sita inatosha. Mfano:

Aliyeonyeshwa: Friedrich III wa Saxony, Mteuzi
Mchongaji: Albrecht Dürer, Nürnberg, ametia saini
Mwaka wa bamba: 1524, umeandikwa kwenye bamba
Njia: shaba kwa burini
Ukubwa: takriban sm 19 kwa sm 12
Namba: Bartsch 104, nakala niliyotumia ni ya (jina la makumbusho na namba yao)

Kitu ulichokisia kiandikie "nakisia" pembeni. Atakayekuja baada yako atajua pa kukagua.

Ukikwama

*Hakuna maandishi kabisa.* Ukingo umekatwa, au ni hatua ya mapema ya bamba kabla maneno hayajachongwa. Tafuta kwa picha, kisha uigeuze na utafute tena. Isipopatikana, rudi kwenye ngao na nishani.

*Jina lipo, lakini wenye jina hilo ni wengi.* Orodhesha vyeo vyote vilivyoandikwa. Jina la Fridericus walikuwa nalo wengi. Fridericus aliye duki wa Saxony na Mteuzi mwaka 1524 ni mmoja.

*Mwaka wa bamba uko baada ya kifo cha mtu.* Ni kawaida. Maximilian alifariki Januari 1519, na chapa ya Lucas van Leyden ni ya 1520, ikifuata ile ya Dürer. Wanunuzi wa picha ya marehemu walikuwepo.

*Makumbusho mawili yametoa majina mawili tofauti.* Soma ni nani ametoa sababu. Anayetaja namba ya Bartsch, hatua ya bamba na chanzo cha picha amefanya kazi. Aliyeandika jina tu huenda amerithi kadi ya zamani ya kabatini.

*Picha ina rangi.* Chapa hizi zilitoka nyeusi na nyeupe kwa kawaida. Rangi iliongezwa kwa mkono, mara nyingi na mtu wa baadaye, kwa hiyo usitumie rangi ya koti kumtambua mtu.

*Muuzaji anasema ni ya Dürer mwenyewe.* Omba picha ya nyuma, picha iliyopigwa kwenye mwanga wa pembeni, na vipimo kwa milimita, kisha linganisha vipimo na nakala ya makumbusho. Kumbuka chapa hizi hazikuwa chache tangu mwanzo: Dürer alimpelekea Kardinali Albrecht bamba la picha ndogo pamoja na nakala 200, na kwa ile kubwa ya 1523 nakala 500. Muuzaji akikataa kupiga picha ya nyuma, fedha yako ibaki mfukoni.